Tabibu, tuma faili lenyewe, usitume picha ya picha

SWALI

"Shikamoo Mzee. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Tumepata mashine ya eksirei ya kidijitali na ultrasaundi ndogo ya kubeba, lakini daktari wa radiolojia hatuna. Tunachofanya ni kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, kisha tunamtumia daktari Mwanza kwa WhatsApp. Siku hizi anajibu: 'Haisomeki, mleteni mgonjwa.' Kumleta ni kupanda kivuko, na wengine nauli hawana. Sasa amekuja muuzaji, anasema dawa yake ni mfumo wa kuonyesha picha moja kwa moja, pamoja na dishi la satelaiti. Bei yake inakula bajeti yetu ya dawa ya miezi kadhaa. Je, tunauhitaji kweli? Na kama hatuuhitaji, tufanye nini?"

JIBU

Marahaba, Tabibu, na pole kwa kazi. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, zaidi ya miaka 20 sasa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza kwenye vyumba vya eksirei vya wilayani. Nianze na jibu lenyewe usije ukasubiri. Kwa eksirei, hamhitaji kitu cha moja kwa moja hata kidogo. Kwa ultrasaundi mnakihitaji mara chache, na hizo mara chache zinawezekana kwa vifaa ambavyo vingi mnavyo tayari. Kinachoharibu picha zenu si intaneti ya kisiwani. Zinaharibikia chumbani kwenu, kabla hazijapanda mtandaoni.

Mashine yenu inapopiga kifua, inatengeneza faili lenye pikseli, yaani nukta ndogo za picha, kama milioni 5. Tuseme 2,500 kwa 2,000. Kila pikseli inabeba kiwango chake cha kijivu, na kama mashine ni ya biti 12, viwango hivyo ni 4,096. Kioo cha kompyuta ya kawaida kinaonyesha viwango 256 tu. Kwa hiyo unachokiona pale ni sehemu ya kijivu ambayo programu imeichagua ikuonyeshe, na nyingine zimebaki ndani ya faili. Daktari mwenye faili lenyewe huchezesha hiyo sehemu: anaiweka ya mapafu, anahamia mbavu, kisha anachungulia nyuma ya moyo ambako nimonia hupenda kujificha. Ukimpa picha ya simu, umeshamchagulia, na hawezi kurudi nyuma. Ni kama umenipa chai iliyokwisha tiwa sukari. Maji nitaongeza, lakini sukari siitoi.

Simu nayo ina tabia zake. Pikseli za kioo na pikseli za kamera zinagongana, ndiyo maana mnaona ile mistari kama mawimbi. Mwanga wa dirisha unaakisi. Programu ya kamera inalainisha hapa na kukoleza pale ili picha ipendeze, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya nyuso za watu na mandhari. Kisha WhatsApp inaibana tena ili isafiri haraka. Ubanaji wa JPEG huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na cha kwanza kutupwa ndani ya kila kijisanduku ni vitu vyembamba, yaani mistari myembamba na chembe ndogo. Lakini ufa wa mfupa ni mstari mwembamba. Ukingo wa pafu lililojikunja ni mstari mwembamba. Tunatupa kilekile tulichompigia mgonjwa picha ili tukione.

Hili nililiona kwa macho yangu. Kituo kimoja, nilikwenda kutengeneza printa ya filamu. Asubuhi ile walikuwa wamempiga kifua kijana wa bodaboda aliyeanguka, wakatuma picha kwa simu, jibu likarudi kwamba mapafu yako sawa. Mchana kijana alikuwa bado amekaa benchi la nje, ameinama mbele, anapumua kwa shida. Afisa tabibu akaniomba tufungue faili lenyewe kwenye kompyuta ya mashine. Alipokuza sehemu ya juu ya pafu la kulia, ukatokea mstari mweupe kama uzi wa kushonea, na nje ya uzi huo weusi mtupu, hamna hata mshipa mmoja wa damu. Hewa ilikuwa imevuja kifuani. Tukaweka ile picha ya simu pembeni na kuikuza mahali palepale. Uzi haukuwepo. Palikuwa na vijisanduku vya kijivu, na juu yake kivuli cha vioo vya dirisha la luva. Yule daktari wa mbali hakukosea. Alisoma alichopewa. Alipotumiwa faili lenyewe alipiga simu ndani ya dakika chache, na jioni ile kijana aliwekewa mpira wa kutoa hewa. Tangu siku hiyo kila kituo ninachoingia, kabla sijafungua bisibisi, nauliza: picha zenu mnazitumaje?

Sasa, hilo faili lenyewe linaitwa DICOM. Ni lugha moja ambayo mashine za picha za hospitali duniani zinaizungumza. Madaktari wa radiolojia wa Marekani na watengenezaji wa mashine walitoa toleo la kwanza la kanuni hiyo mwaka 1985, na mwaka 1993 likapata jina la DICOM. Ndani ya faili kuna picha, na pamoja nayo jina la mgonjwa, tarehe, upande, namna mashine ilivyowekwa, na hata ukubwa wa kila pikseli kwa milimita. Hilo la mwisho wengi hawalijui: kwa DICOM daktari anaweza kupima uvimbe na kukwambia una milimita ngapi. Kwa picha ya simu anakisia.

Linganisha na mtandao wenu. Pikseli milioni 5, kila moja ikichukua baiti 2, ni megabaiti 10. Ubanaji usiopoteza kitu, ambao ukifunguliwa unarudisha kila pikseli ilivyokuwa, unaweza kuishusha hadi megabaiti 4 au 5. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabaiti 5 ni megabiti 40. (Angalia sana hapo, kasi ya mtandao huuzwa kwa biti na ukubwa wa faili hutajwa kwa baiti, na wauzaji wanazichanganya, wengine kwa kujua.) Kama mna kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ya kupakia, eksirei ya kifua itafika Mwanza kwa sekunde 40, haijapungua hata pikseli. Mtandao ukiwa mbovu mara kumi zaidi ya hapo, ni dakika zisizofika saba. Mgonjwa hajamaliza hata kuvaa shati na kuandikiwa dawa ya maumivu.

Nimesema kasi ya kupakia, na ninairudia. Bando linapotangazwa, namba inayotajwa ni ya kupakua, yaani kuvuta vitu kuja kwako. Ninyi kazi yenu ni kusukuma vitu kwenda, na njia hiyo karibu kila mara ni nyembamba. Pimeni ya kupakia.

Leo hii, kabla hamjanunua chochote, mnaweza kufanya hivi. Kwenye kompyuta ya mashine tafuteni sehemu ya kutoa faili, toeni DICOM kwenye flashi, hamishieni kwenye simu au kompyuta yenye intaneti, mtume WhatsApp kwa njia ya kuambatisha hati na si kwa njia ya kutuma picha. Ikienda kama hati haibanwi. Daktari awe na programu ya kusomea DICOM. Za bure zipo, za simu na za kompyuta. Hii ni njia ya dharura na ina kasoro ya usiri nitakayoigusa, lakini kwa ubora wa picha peke yake, kesho asubuhi daktari wenu ataona tofauti.

Ya kudumu ni kuwa na kompyuta ndogo ya kawaida iliyofungwa pale kituoni ikiwa na programu ya kupokea na kupeleka picha. Mimi hutumia Orthanc, ambayo ilianzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, ni ya bure na haihitaji kompyuta ya nguvu. Mashine ya eksirei inaisukumia picha kwa waya, yenyewe inazibana bila kupoteza, halafu inazipeleka kwenye seva ya hospitali ya rufaa kupitia njia iliyofungwa kwa siri. Ninachokipenda hapo ni foleni. Mtandao ukikata picha inasubiri, ukirudi saa nane usiku inaendelea, na hakuna mtu aliyeamka. Hakikisheni tu kompyuta hiyo na ruta vinakaa kwenye UPS au betri ya sola. Umeme ukikatika faili likiwa nusu, ndipo mtaanza kuona picha zenye ukanda mweusi chini na mkadhani mashine imekufa.

Ultrasaundi ni habari nyingine, na hapa muuzaji wenu ana nusu ya ukweli. Eksirei ikishapigwa imepigwa. Msomaji anaweza kuwa popote na akaisoma baada ya saa mbili. Ultrasaundi inatokana na mkono. Ukiinamisha probu, yaani kile kifaa unachokipitisha mwilini, kidogo tu, kondo la nyuma ulilodhani limeziba mlango wa kizazi linaonekana liko juu, salama. Picha moja iliyogandishwa inamwonyesha daktari kile ambacho mkono wako umekichagua, na kama mkono haujazoea, umechagua vibaya bila wewe kujua. Ndiyo maana watu wanatamani daktari aone palepale, aseme "rudi kidogo," na mkono urudi.

Tatizo ni uzito. Chukua kioo kidogo cha pikseli 640 kwa 480, baiti moja kila pikseli, fremu (yaani picha moja moja za video) 30 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 9 kila sekunde, karibu megabiti 74. Hakuna bando la kisiwani litakalobeba hilo. Kwa hiyo video hubanwa: inatumwa fremu moja nzima, halafu kwa muda fulani zinatumwa tofauti tu, kile kilichobadilika. Kanuni ya H.264, ambayo imo karibu kwenye kila simu leo, inaweza kuishusha video kama hiyo hadi megabiti 1 au 2 kwa sekunde ikabaki inasomeka.

Lakini picha ya ultrasaundi imejaa chengachenga. Zile punje za kijivu si uchafu wa mashine. Zinatokana na mawimbi ya sauti yanayogongana ndani ya nyama ya mwili, na mkono ukisogea kidogo tu zote zinabadilika. Kibanaji hakijui kwamba ni chenga. Kinaona kila punje ni habari mpya, kinatumia njia yenu yote kuzielezea punje, na ukingo wa kichwa cha mtoto mnaoutafuta unabaki umefifia. Basi msaidieni kabla picha haijatoka. Punguzeni kina cha mashine ili kitu mnachokitafuta kijaze kioo. Shusheni mwangaza uliozidi. Kama mashine ina kitufe cha kulainisha chenga, kiwekeni katikati, kwa sababu kikizidi kinafuta na vitu vya kweli. Na mtume lile umbo la feni lenye picha yenyewe peke yake. Menyu, nembo na grafu za pembeni zikatwe. Feni ya pikseli 400 kwa 400 ni karibu nusu tu ya kioo kizima, yaani mmepata nusu ya njia bila kulipa senti.

Kusafisha picha kwa namna hiyo, kuongeza ukali au kuondoa chenga, kufanyike kwenye nakala ya kuangalia tu. Picha asili ibaki ilivyo. Hili silegezi hata nikiombwa na mkuu wa hospitali.

Mtandao ukizorota, kuna uamuzi ambao mifumo mingi ya mikutano ya video huufanya yenyewe bila kuwauliza, na kwa kuwa ilitengenezewa nyuso za watu, huufanya vibaya: ipunguze idadi ya fremu, au ipunguze ukali? Jibu linategemea mnatafuta nini. Moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kwa 160, ni zaidi ya mapigo mawili na nusu kila sekunde. Video ikishuka hadi fremu 5 kwa sekunde, kila pigo linapata chini ya fremu mbili. Anachokiona daktari ni kitu kinachorukaruka bila mpangilio, au hata kinachoonekana kimetulia wakati moyo unapiga vizuri. Mimi si daktari, lakini nimewaomba madaktari ninaofanya nao kazi wasitamke neno lolote kuhusu moyo wa mtoto kwa video ya namna hiyo, kwa sababu kuna mama upande wa pili anayelisikia. Kwa moyo, lindeni fremu, ukali upungue. Kondo la nyuma, ulalo wa mtoto au maji tumboni ni vitu visivyo na haraka. Hapo fremu 8 zilizo kali zinafaa kuliko 25 zenye ukungu. Na mapigo yenyewe msiyahesabu kwenye video kabisa. Mashine yenu ina kipimo cha mstari, M-mode. Pimeni palepale, gandisheni, tumeni picha hiyo.

Kisha kuna kuchelewa. Hebu fikiria chumba chenu. Mama amelala, jeli inaanza kukauka, daktari yuko kwenye simu. Anaona kitu, anasema "hapo hapo, simama!" Ila alichokiona ni cha nusu sekunde iliyopita na sauti yake imechukua muda wake pia, kwa hiyo mkono umeshapita. Unarudi. Yeye hajaona kama umerudi, anasema "rudi tena." Mnafukuzana hivyo mpaka mama anauliza kama mtoto ana tatizo. Tulipoanza majaribio haya tulilaumu mtandao, tukanunua bando kubwa zaidi, na kufukuzana kukabaki. Kilichosaidia ni kubadilisha namna ya kusema na kusogeza. Mkono uende taratibu, usimame, uhesabu moja mpaka tatu, ndipo uendelee. Maelekezo yote yataje mwili wa mama: kuelekea kichwani, kuelekea miguuni, kulia kwa mama, kushoto kwa mama. "Kushoto" peke yake ni marufuku, maana kila mara litafuata swali la kushoto kwa nani. Na mkono una miendo mitatu tu: teleza, inamisha, zungusha. Andikeni maneno hayo kwenye karatasi ngumu, mbandike kwenye mashine, na nakala apewe daktari wa Mwanza.

Haya si ya kwangu peke yangu. Mwaka 2004 wanaanga Mike Fincke na Gennady Padalka, wakiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, walipimana bega kwa ultrasaundi. Hawakuwa wataalamu wa kazi hiyo. Walifundishwa kwa muda mfupi, na wataalamu walioko ardhini wakawaongoza kwa sauti huku wakitazama picha. Picha zilizopatikana zilisomeka. Kama mkono usiozoea unaweza kuongozwa kutoka ardhini mpaka huko juu, utaongozwa kutoka Mwanza mpaka kisiwani kwenu.

Kwa hiyo sauti ndiyo ya kwanza kulindwa. Piga simu ya kawaida, iweke spika pembeni ya kitanda, na video iende kivyake kwa bando. Video ikikwama, sauti bado ipo, na daktari anaweza kukwambia ugandishe uliyoifikia na kuituma.

Dishi la satelaiti, basi. Muulizeni muuzaji: satelaiti yenu iko umbali gani? Zile za zamani zimesimama juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ishara kupanda na kushuka ni kama robo sekunde, na jibu kurudi ni robo nyingine, kwa hiyo nusu sekunde imekwenda kabla kompyuta yoyote haijafanya kazi yake. Hakuna pesa itakayoifupisha safari hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo kasi ya mwanga. Satelaiti mpya za chini zinapita kwenye kilomita kama 550, na kuchelewa kwake ni kudogo mno. Sisi tuliofanya kazi kabla ya Julai 2009, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam na Mombasa, tunaikumbuka ile nusu sekunde vizuri. Kila mazungumzo yalikuwa ya kukatizana. Kama anachowauzia ni dishi la aina ya zamani kwa ajili ya kuongoza mkono, anawauzia kitu kisichofaa kazi hiyo. Kwa kutuma mafaili linafaa, ila kwa hilo simu yenu ya mkononi inatosha.

Huenda pia akawatajia ule upasuaji wa Septemba 2001, wakati daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, alipomtoa mama mmoja kibofu cha nyongo huko Strasbourg kwa kutumia roboti. Ni kweli, ulifanyika, na kuchelewa kwa picha na mkono kulikuwa wastani wa milisekunde 155. Lakini ulipita kwenye mkongo wa kampuni ya simu uliotengwa kwa ajili hiyo, na madaktari wengine walikuwa wamesimama kando ya mgonjwa. Kinachofanana na hali yenu hapo ni kidogo sana.

Ninachowashauri kwa ultrasaundi ni njia ya katikati, na kwa akina mama wajawazito ndiyo ninayoiamini zaidi. Badala ya kumwonyesha daktari moja kwa moja, pitisha probu tumboni kwa mpangilio uleule kila mara: mara tatu kutoka chini kwenda juu, upande wa kulia, katikati na kushoto kwa mama, kisha mara tatu kwa kuvuka. Kila mpito sekunde kama 10, unarekodiwa. Hapo humchagulii daktari picha. Unampa tumbo zima, naye anasimamisha anapotaka. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, kila mpito ni megabaiti 2 na nusu, na yote sita ni 15. Kwa mtandao wenu wa megabiti 1, imefika kwa dakika mbili. Daktari akitazama akaona kuna kitu hakijakaa sawa, hapo anapiga simu mfanye ya moja kwa moja, na mama bado yuko kituoni.

Ya moja kwa moja iachieni hali ambayo jibu litabadilisha uamuzi ndani ya saa hiyohiyo: mama mwenye mimba kubwa anayetoka damu, mtu aliyegongwa tumbo na mnashuku damu imevuja ndani. Na hata hapo, Tabibu, nakuomba kwa dhati: mgonjwa akiwa anazidiwa, rufaa ianze. Boti itafutwe, dripu iwekwe, video ije baadaye au isije kabisa. Nimeona watu wakihangaika na ruta huku presha ya mgonjwa inashuka.

Kuhusu usiri, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni kati ya zile inazozichukulia kuwa nyeti. Tumieni simu ya kituo, si ya mtu, na mafaili yafutwe yakishapokelewa. Badala ya jina tumieni namba ya mgonjwa, lakini namba iwe kamili. Nimeona mafaili mawili ya "mama wa jana" yakibadilishana wenyewe. Kwenye ultrasaundi kuna mtego mmoja: jina likiandikwa juu ya kioo, linakuwa sehemu ya picha yenyewe. Mtalifuta kwenye taarifa za faili, mkadhani mmemficha mama, kumbe jina liko pale kwenye kona. Kwenye eksirei hakikisheni alama ya kulia au kushoto imo ndani ya picha tangu ilipopigwa. Picha ikigeuzwa, moyo unahamia kulia, na daktari wa mbali hana mgonjwa wa kumgusa.

Utasikia pia habari za programu za akili bandia za kusoma vifua. Kwa kifua kikuu si hadithi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali zitumike kuchuja picha za vifua vya watu wa miaka 15 na kuendelea. Nyingine hukaa kwenye kompyuta ya kituo na hazihitaji intaneti. Nazo mzipe DICOM, kwa sababu picha ya kioo iliyopigwa kwa simu inaweza kuipotosha programu kuliko inavyompotosha daktari, na programu haitawaandikia "haisomeki." Itawapa namba tu.

Na kila picha iende na swali. Umri, ameumwa siku ngapi, anapumua mara ngapi kwa dakika, na ninyi mnashuku nini. "Naomba msaada wa picha hii" humlazimisha daktari kutafuta kila kitu kila mahali. "Miaka 24, ameanguka na bodaboda jana, anapumua mara 30 kwa dakika, je kuna hewa kifuani upande wa kulia?" humpeleka palepale kwenye uzi.

Wiki hii nifanyie jambo moja kabla hamjatia saini yoyote. Pima kasi ya kupakia pale pale ilipo mashine, si nje chini ya mwembe: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, na saa mbili usiku, kwa laini za kampuni zote mlizonazo, kwa siku tatu. Kisha toa faili moja la kifua, liwe na namba badala ya jina, ulitume Mwanza kama hati na uandike limechukua muda gani. Niletee namba hizo pamoja na muundo wa mashine zenu mbili, nami nitakuandikia orodha ya vitu vya kununua. Dishi hilo sidhani kama litakuwemo.